Mzee Yupi?

Mama mkubwa wangu hana adabu. Nalisema hili kwa majivuno, na atakayeona nimemvunjia heshima anipe nafasi nimalize.

Ni dada yake mama, tumbo moja, mwanamke mfupi mwenye sauti inayoingia chumbani kabla yake. Kwa miaka mingi alikuwa opereta wa simu katika ile hoteli kubwa ya mlimani, yenye ukumbi wa mikutano na mapazia mazito ambayo hayajawahi kufuliwa tangu yatundikwe. Chumba chake kilikuwa nyuma ya mapokezi. Hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na meza ya simu yenye taa ndogondogo, feni iliyogeuza shingo kwa taabu kama mbuzi mgonjwa, na kiti chenye mto alioushona mwenyewe. Ole wake aliyeukalia ule mto. Meneja aliwahi kuukalia siku moja akisubiri simu ya nje, akaambiwa asimame, naye akasimama.

Wafanyakazi wenzake walimwita Bi Yupi, na hilo jina lina kisa chake.

Kwetu Mzee ni kila mtu. Rais ni Mzee. Meneja ni Mzee, hata kama hajafika arobaini na kichwa chote ni cheusi. Baba wa nyumba ni Mzee. Fundi wa boila pale hotelini alikuwa Mzee kwa sababu hakuna aliyelijua jina lake, na kumuuliza baada ya kufanya naye kazi miaka yote hiyo ingekuwa aibu. Sasa, siku moja dada mwenye sauti ya asali alipiga simu akasema, "Niunganishe na Mzee." Mama mkubwa akamuunganisha. Kumbe dada alimtaka meneja, na mama mkubwa amempelekea baba mkwe wa meneja, aliyekuja kutembea akapewa chumba cha ghorofa ya pili. Mzee wa watu akasikiliza mpenzi hivi na mpenzi vile, mpaka alipoulizwa kama yule mwanamke wa nyumbani bado anamsumbua. Yule mwanamke wa nyumbani alikuwa binti yake.

Meneja alilala hotelini muda mrefu baada ya hapo, na si kwa sababu ya kazi nyingi.

Tangu siku hiyo mama mkubwa hakupeleka tena neno la Mzee bila kuuliza ni Mzee yupi. Aliwauliza mawaziri na aliwauliza maaskofu. Balozi mmoja alikata simu kwa hasira, akapiga tena, akaulizwa tena, akajibu. Watu walisema huyu mama hana haya, mtu mzima haulizwi hivyo. Yeye alisema haya ni kupeleka maneno ya watu pasipo kujua ni ya nani.

Hayo yote yangebaki utani wa jikoni kama si vita.

Vita vilikuwa vimepiga hodi kila nyumba, na kwa mama mkubwa viliingia mpaka chumbani. Kitindamimba wake, kijana ambaye sote tulimwita Kitinda, alichukuliwa jeshini kabla hajamaliza chuo cha ufundi, akapelekwa mtoni, kule ambako askari wa serikali walikuwa ng'ambo hii na watu wa msituni ng'ambo ile. Tangu aondoke, mama mkubwa alisikiliza taarifa ya habari akiwa amesimama. Ukimwambia kaa, anakukaripia. Nadhani aliamini kwamba akikaa, mtoto atapatwa na jambo. Hakuwa na ombi lingine duniani: vita viishe, Kitinda arudi.

Na Mungu si Athumani, mazungumzo ya amani yakaletwa palepale hotelini.

"Wameniletea vita mezani kwangu," alisema siku ujumbe wa kwanza ulipofika na mabegi yao. "Haya, na wavimalize mbele ya macho yangu."

Mimi wakati huo nilikuwa mhudumu wa ukumbi, kazi aliyonitafutia yeye. Nilibadilisha maji mezani, nikaokota glasi, nikajifanya sina masikio. Upande mmoja waliketi watu wa serikali. Upande wa pili waliketi watu wa msituni, wakiongozwa na kamanda mrefu, mkimya, tuliyempa jina la Miwani kwa sababu kila alipotaka kukasirika alivua miwani kwanza akaifuta. Katikati aliketi msuluhishi, jaji mstaafu kutoka nchi jirani, mama mwembamba ambaye chai yake haikuwekwa sukari wala maziwa. Walibishana juu ya mipaka, juu ya wafungwa, juu ya nani atashika bunduki na nani ataweka chini. Polepole wakaanza kuelewana. Siku moja nilimwona Miwani akimwazima waziri kalamu. Nilikimbia kumwambia mama mkubwa, tukacheka wawili kama wehu.

Lakini nje ya hoteli ilikuwa msimu wa kampeni. Rais aliyekuwepo alitaka mkataba utiwe saini kabla ya uchaguzi. Mpinzani wake mkubwa, mtu wa suti nyeupe na tabasamu la kwenye kalenda, alizunguka nchi nzima akisema, "Nipeni kura, mimi peke yangu ndiye nitakayemaliza vita hivi." Sasa fikiria na wewe. Amani ikija kabla ya kura, huyu mtu jukwaani angesema nini? Angewaimbia watu? Na wafuasi wake, kama wafuasi wote wa nchi hii, walimwita Mzee.

Mara mbili mkataba ulikuwa tayari. Mara mbili niliweka glasi safi na maua mezani, na mara mbili Miwani alisimama, akafuta miwani yake, akasema, "Tumeelekezwa tusubiri." Jaji aliuliza kwa nini. Miwani alijibu kwamba hayo ni maagizo kutoka juu. Watu wa serikali walitoka wakipiga milango. Redio ikatangaza kwamba watu wa msituni hawataki amani, na nakiri hata mimi niliwalaani.

Mama mkubwa hakuwepo siku hizo. Mguu wake wa kushoto ulivimba, daktari akamlaza nyumbani, akabaki anaililia redio. Kwenye meza ya simu waliweka kaka mmoja kutoka ofisi ya wageni, kijana mtaratibu kupita kiasi. Huyu ukimsalimia anainama. Ukimkanyaga, anakuomba radhi yeye. Wote tulimpenda, na nikikumbuka jinsi tulivyompenda natamani kujipiga.

Uvimbe ulipopungua, mama mkubwa alirudi, akamnyanyua kaka yule kwenye mto wake, akafuta meza yote kwa kitambaa chenye sabuni. Wakati huo jaji alikuwa amezirudisha pande mbili mezani kwa mara ya tatu. Asubuhi ya kutia saini nilimpelekea chai. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu la harusini na sikukuuni.

"Leo wanasaini," nikasema.

"Usiseme leo wanasaini. Sema leo wana kalamu."

Taa ikawaka. Akavaa spika za masikioni, ambazo zilikuwa kongwe na zilivuja sauti, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Hoteli, habari za asubuhi."

"Shikamoo mama." Sauti ya mwanamume, laini, ya mtu aliyesoma.

"Marahaba. Nikusaidie nini?"

"Nina neno fupi tu kwa mkuu wa ujumbe wa msituni. Mwambie Mzee amesema wasitie saini leo. Wasubiri."

"Mzee yupi?"

"Mzee, mama. Yeye ataelewa."

"Ataelewa yeye, mimi bado. Humu ndani wazee ni wengi, na mmoja ni fundi wa boila. Yupi?"

Yule mtu akacheka, cheko la kumvumilia mjinga. "Mama, mbona unanisumbua? Mwenzako wa mwezi uliopita hakuwa hivi. Nilimpa neno hilihili mara mbili, akalifikisha bila maswali."

Nikaona mkono wa mama mkubwa ukisimama juu ya kikombe.

"Mwenzangu ana adabu," akasema. "Mimi sina. Nisipopata jina la Mzee, neno lako linalala hapahapa mezani."

"Mama, angalia sana!" Ile sauti laini ikapotea. "Unacheza na kazi yako. Mzee akishaapishwa, wewe utakuwa mtu wa kwanza kufunga virago!"

"Akishaapishwa," mama mkubwa akarudia taratibu, kama ilivyo kazi yake kurudia maneno ya mteja. "Sawa, nimepata. Asante kwa kupiga simu."

Akakata. Akavua spika.

"Umesikia?" akaniuliza. "Mzee wa msituni anaapishwa na nani, na ngedere? Huyu ni wa suti nyeupe. Ndiye aliyewaambia wasubiri, mara ya kwanza na mara ya pili, na wale watu wakadhani ni Mzee wao aliyebaki kule msituni."

Mimi nikaona njia nyepesi. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa, hakuna aliyetusikia. "Mama mkubwa, nyamaza tu. Usilipeleke. Watatia saini, Kitinda atarudi, yamekwisha."

Akanigeukia. Nimepigwa mara nyingi maishani, lakini lile jicho liliniuma zaidi.

"Na mimi niwe nani sasa? Mzee mwingine? Yule anawachagulia la kusikia, na mimi nianze kuwachagulia la kutosikia?"

"Lakini ukilipeleka wakikataa tena?"

Alikuwa anamfikiria mwanawe, nilimwona. Aliifuta meza ambayo tayari alikuwa ameifuta. "Wakikataa, wakatae wakijua wanamtii nani," akasema. "Mtu akinipa maneno yanafika. Yote. Na hili la kuapishwa nalo ni maneno yake."

Akachukua fimbo yake, akapanda kwenda ukumbini, mimi nyuma yake na sinia tupu.

Mlinzi wa mlangoni akamzuia. "Mama, mkutano umeanza."

"Ndiyo maana nimekuja. Ungekuwa haujaanza ningekuja kufanya nini?"

Akaingia. Ukumbi mzima ukageuka. Mikataba ilikuwa mezani, imefungwa kwa utepe, na kalamu zimelala kando. Mama mkubwa akasimama mbele ya Miwani, akavuta pumzi, akasema kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona:

"Mkuu, una neno la simu. Mzee amesema msitie saini leo, msubiri. Nimeuliza ni Mzee yupi. Kwanza hakutaka kusema. Halafu akasema ni Mzee ambaye akishaapishwa nitafukuzwa kazi. Na amesema mwezi uliopita alileta neno hilihili mara mbili, likapokelewa. Mwisho wa ujumbe."

Watu wa serikali wakainuka wote kwa pamoja, kila mmoja na kelele yake. Jaji akagonga meza kwa kiganja mpaka chai ikamwagika. Miwani peke yake ndiye aliyebaki amekaa. Akavua miwani, lakini hakuifuta.

"Rudia," akasema.

Mama mkubwa akarudia, neno kwa neno.

Wakamwita yule kaka wa adabu. Alikuja akiwa ameshika kofia kifuani. Alikubali kwamba ndiyo, aliyafikisha yale maneno mara mbili, tena alipanda ngazi kwa mbio. Jaji akamuuliza kama hakutaka kujua ni Mzee gani.

"Ningemuulizaje mtu mzima, mheshimiwa?" akasema, karibu kulia. "Alisema Mzee."

Jaji akamgeukia Miwani. "Na wewe, kamanda? Hukumuuliza Mzee wako?"

Miwani akatazama meza. "Kwetu Mzee akisema subirini, tunasubiri. Kumpigia kumuuliza kama ni yeye kweli, hiyo ni kumwambia simwamini."

Hapo nikaelewa jinsi tulivyochezewa. Hawakutunga saini wala kughushi muhuri. Walichukua heshima yetu tuliyolelewa nayo, wakaifanya kamba, wakatufunga nayo pande zote mbili. Wasomi wa mgombea walijua vizuri kabisa kwamba katika nchi nzima hakuna mtu atakayeuliza. Waliwahesabu watu wote, wakamsahau mama mkubwa wangu.

Miwani alishuka naye mpaka chumba cha simu. Mama mkubwa alimtafutia laini kupitia kituo cha mpakani, akabembeleza, akafoka, mpaka sauti ya msituni ikapatikana, mbali na yenye mikwaruzo. Miwani alisimama wima alipoongea. Aliuliza swali lake kwa kuzungukazunguka, akiomba radhi kila hatua. Halafu zile spika kongwe zikatupa jibu chumba kizima:

"Mimi? Mimi niliwaambia msubiri lini? Nimekaa huku nakula mihogo na mbu wananila mimi, nikidhani nyinyi huko mmeonja magodoro mkasahau kurudi! Sainini!"

Walisaini baada ya chakula cha mchana. Nilikuwepo. Maji niliyamwaga nje ya glasi, na waziri akasema si kitu.

Taarifa ilipotoka, msemaji wa mgombea alikuja redioni na sauti ya huzuni. Alisema wao hawajawahi kudanganya mtu. Walisema "Mzee," na Mzee ni Mzee. Kama mtu alielewa vingine, hilo ni tatizo la masikio yake. Akaongeza kwamba mgombea alikuwa anatafuta amani iliyo bora zaidi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hawa jamaa huitembea kwa madaha. Mgombea alianguka kwenye uchaguzi, ingawa msisherehekee sana: siku hizi ni mshauri wa mambo ya amani, anaalikwa kwenye makongamano, na anafika amevaa ileile suti.

Naibu meneja naye hakuachwa nyuma. Alimwita mama mkubwa ofisini, akamwambia ameiaibisha hoteli kwa kuingia ukumbini na sauti kama ya sokoni.

"Umesikika mpaka wapi?" akafoka.

"Mpaka mtoni, natumaini," mama mkubwa akajibu, akarudi kwenye mto wake.

Niliposimuliwa jibu hilo nilitembea mtaani kifua mbele, nikamwambia kila niliyekutana naye kwamba yule ni mama yangu mkubwa, damu yangu, asiyemjua aulize. Najivuna mpaka leo. Watu wana mababu waliokuwa machifu. Mimi nina huyu.

Kitinda alirudi mvua zilipoanza. Alikuwa amekonda, nywele zimemwisha utosini kama mtu wa makamo. Mama mkubwa hakupiga kelele. Alimchemshia maji ya kuoga, akamtengea chakula, akakaa akimtazama anavyotafuna. Taarifa ya habari ilianza redioni, na nikaona amekaa kitini anaisikiliza.

Alipomaliza kula, Kitinda akasema, "Mama, unajua tulisikia habari ya saini tukiwa tumeshavaa? Kama wasingesaini, alfajiri iliyofuata tungevuka mto. Mimi nilipangiwa mtumbwi wa mbele."

Mama mkubwa akafumba macho. "Mungu mkubwa."

"Kila mazungumzo yalipovunjika tuliambiwa tuvuke. Mwezi uliotangulia walivuka wenzetu. Tuliwangoja, hawakurudi. Wawili ni wa hapahapa, tulichukuliwa nao kwenye lori moja." Akawataja. Tuliwajua wote wawili, tuliwaona wakikua.

"Mama zao wameambiwa?" mama mkubwa akauliza.

"Jeshi limeandika hawajulikani walipo."

"Wewe unajua walipo?"

Kitinda akaangalia mikono yake. "Niliona mtumbwi ukipinduka, mama. Niliona kwa macho yangu."

Mama wa kijana wa kwanza tulimjua vizuri. Kila jioni alikuwa anaacha mlango wazi, akisema mwanawe hapendi kubisha hodi. Halafu mama mkubwa akainuka, akajifunga kitambaa kichwani, akatafuta fimbo.

"Simulia tena," akamwambia Kitinda. "Taratibu. Alikaa wapi kwenye mtumbwi, alisema nini kabla ya kuondoka, yote. Nisiache kitu."

Kitinda akasimulia, na yeye akarudia kila neno kwa sauti ya chini mpaka akalishika. Kitinda alipotaka kuvaa viatu aende naye, alimzuia kwa kiganja kifuani.

"Wewe baki ndani. Mwenzangu asikuone wewe mzima kabla hajamlilia wa kwake."

"Twende," akaniambia mimi. Tulitembea, matope yakitushika miguu. Tulipofika, mlango ulikuwa wazi na taa inawaka. Mama mkubwa akapiga hodi hata hivyo, akasubiri aitikiwe, akavua viatu, akaingia, akakaa chini sakafuni kando ya yule mama, akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia akinong'ona.